Richard Kandt, daktari aliyeufanya mlima wa Shangi kuwa kwake

Kwa mfanyabiashara anayetoka Kamembe na mzigo wake kuelekea kaskazini, akiufuata ufuko wa Ziwa Kivu, Shangi ni jina la njiani tu. Gari linapita, abiria anasinzia, safari inaendelea. Leo Shangi iko katika wilaya ya Nyamasheke, lakini kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ilihesabiwa ndani ya mkoa wa Cyangugu, na zamani zaidi nchi yote hii iliyo kati ya ziwa, mto Rusizi na msitu wa Nyungwe iliitwa Kinyaga. Ni hapo Shangi, juu ya maji, ambapo mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja Mjerumani alijijengea nyumba, akaipa jina la lugha yake, Bergfrieden, maana yake Amani ya Mlimani.

Daktari huyo ni Richard Kandt. Mjini Kigali jina lake linajulikana kwa sababu ya nyumba ya makumbusho inayoitwa kwa jina lake, na kwa sababu vitabu vinamtaja kuwa mwanzilishi wa mji huo. Wanyarwanda wa zamani walimpa jina lao, Kanayoge. Lakini kabla hajawa mtu wa ofisi na mihuri, alikuwa mtu wa porini. Miaka yake iliyokuwa na maana kubwa zaidi kwake aliipitisha upande huu wa ziwa, kwa mtumbwi na kwa miguu, akiwa na daftari, darubini na watu wachache wa msafara wake. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Kile ambacho wanaume wengine hukitoa kwa nyumba zao, yeye alikitoa kwa mito, milima na ziwa.

Alizaliwa Desemba 17, 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo ni Poznań nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na jina la ukoo lilikuwa Kantorowicz. Mwaka 1894, akiwa tayari kijana msomi, alilibadilisha akawa Kandt. Ujerumani ya siku zile haikuwa rahisi kwa mwenye jina la Kiyahudi aliyetaka kupanda ngazi, na wengi walifanya kama yeye. Alisomea udaktari, akaingia katika tiba ya maradhi ya akili, na akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bayreuth.

Kwa nini daktari mwenye kazi yake aiache na kwenda kutafuta chanzo cha mto katika nchi asiyoijua? Jibu liko katika mabishano yaliyokuwa yamewashika Wazungu kwa miaka mingi. Speke alikuwa ameliona Ziwa Nyanza mwaka 1858, na mwaka 1862 akaona mahali Nile inapotoka ziwani, huko Jinja. Wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu ziwa nalo linalishwa na mito, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera. Basi chanzo halisi cha Nile kingekuwa mwanzo wa Kagera. Kagera yenyewe inatokana na mito miwili mikubwa: Ruvubu unaotoka Burundi, na Nyabarongo unaotoka Rwanda. Mtafiti Oscar Baumann alipita Burundi mwaka 1892 na kutangaza kwamba chanzo kiko upande wa Ruvubu. Kandt hakuridhika. Aliona kwamba hakuna aliyepima maji ya mito yote miwili na kuyalinganisha.

Mwaka 1897 aliondoka pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa fedha zake mwenyewe. Hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa wasafiri wengi wa wakati ule walitumwa na serikali au makampuni yenye macho kwenye pembe za ndovu. Kandt alijilipia. Njia yake ilipitia Tabora, njia ileile ya misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, na lugha ya safari ilikuwa Kiswahili. Wapagazi, askari wa ulinzi, mpishi, mkalimani, wote walizungumza Kiswahili cha njiani, na daktari naye alikitumia. Lugha hii iliingia Rwanda kwa miguu, mabegani mwa wapagazi, kabla ya kuingia kwa vitabu.

Mwenye kufanya biashara ya kuvuka mpaka atauelewa msafara wa namna hiyo bila kuelezwa sana. Ilikuwa duka linalotembea. Fedha ya sarafu haikuwa na kazi mbali na pwani, kwa hiyo mapatano yalifanyika kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kila nchi ilikuwa na upendeleo wake: shanga za rangi hii zinapokelewa hapa, vilima viwili mbele zinakataliwa. Aliyekosea hesabu ya bidhaa pale Tabora alilala njaa pamoja na watu wake mwezi mmodi baadaye. Na chakula cha watu wengi hakichukuliwi kwa nguvu kila siku. Msafara ulioishi kwa kupora uliacha uadui nyuma yake na haukuweza kurudi kwa njia ileile.

Rwanda aliyoikuta mwaka 1898 ilikuwa imejeruhiwa. Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyepigana vita vingi na kuvuka ziwa mara kwa mara kwenda Ijwi na Bushi, alikuwa amefariki mwaka 1895. Desemba 1896, huko Rucunshu, mrithi wake Rutarindwa aliangushwa na kundi la Kanjogera na kaka yake Kabare, na mtoto wa Kanjogera, Yuhi Musinga, akawekwa kwenye kiti cha enzi akiwa bado kijana mdogo. Mwaka huohuo 1896, maofisa wa Dola Huru ya Kongo walikuwa wamepiga kambi Shangi, jeshi la Rwanda likaja kuwaondoa, na bunduki zikalishinda. Kwa hiyo mlima ambao Kandt angeuita mlima wa amani ulikuwa umekwisha kunywa damu miaka michache tu kabla yake.

Kandt alifika kwenye makao ya mwami mwezi Juni 1898. Hapo wakuu wa mji wa mwami walimchezea mchezo waliokuwa wamemchezea ofisa mwingine wa Kijerumani mwaka uliotangulia. Walimleta mbele yake mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, amevaa mavazi ya ufalme, akaonyeshwa kuwa ndiye Musinga. Sababu inaeleweka. Mwami halisi alikuwa kijana, alikuwa uhai wa nchi, na hakuna aliyejua mgeni mweupe anabeba nini katika macho yake. Kandt alishuku tangu mwanzo, kwa sababu umri wa mtu aliyemwona haukulingana na habari alizokuwa nazo. Hakuleta fujo. Alitoa zawadi, akapokea zawadi, akaendelea na safari. Uvumilivu huo ulimfaa zaidi kuliko hasira, kwani aliruhusiwa kupita katika nchi ambayo wageni wachache walikuwa wameiona.

Sasa akaufuata mto. Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kutenda: kila mahali mito miwili inapokutana, pima upana, pima kina, pima kasi ya maji, kisha ufuate ule wenye maji mengi. Alifanya hivyo kuanzia chini, pale Ruvubu na Nyabarongo zinapokutana, akaona Nyabarongo inashinda. Akapanda na Nyabarongo kupita katikati ya nchi, akaingia Mwogo, na kutoka Mwogo akaingia kijito kiitwacho Rukarara. Rukarara ukampeleka juu, juu zaidi, hadi ndani ya Nyungwe.

Wenye kusafiri kwa basi kati ya Kigali na Kamembe wanaijua Nyungwe kwa baridi na kona zake. Kandt aliingia bila barabara. Msitu wa mlimani una mianzi, matope yanayomeza mguu, miiba, ukungu unaofunga saa za asubuhi, na mvua isiyouliza msimu. Wapagazi waliozoea joto la Tabora waliteseka sana kwa baridi. Agosti 1898 alifika mahali Rukarara inapoanza: bonde dogo lenye majimaji, ambapo maji yanakusanyika tone kwa tone kabla hayajawa kijito. Hakuna maporomoko, hakuna ziwa, hakuna cha kupigia picha. Mto unaofika Khartoum na Cairo ulikuwa hapo unatosha kujaza kikombe.

Mabishano hayakuisha siku ile. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, aliweka alama huko Rutovu, Burundi, akisema chanzo cha kusini kabisa kiko pale, na Warundi wanalo piramidi dogo la kuthibitisha. Mwaka 2006 msafara uliopanda Nile yote kwa mashua ulimalizia Nyungwe na kuunga mkono upande wa Rwanda. Kila nchi inaonyesha watalii chanzo chake, na watalii wanalipa kote kuwili.

Ila kuna jambo ambalo mtu wa Rusizi analiona vizuri kuliko mtu wa Cairo. Mgongo wa Nyungwe ndio unaogawa maji ya Afrika. Tone linaloanguka mashariki mwa mgongo linaingia Rukarara na kwenda bahari ya Mediterania. Tone linaloanguka hatua chache magharibi linashuka Kivu, linatoka ziwani kwa mto Rusizi pale kati ya Cyangugu na Bukavu, linaanguka kwa takriban mita 690 hadi Ziwa Tanganyika, linapita Lukuga, linaingia mto Kongo na kuishia bahari ya Atlantiki. Kandt aliutafuta mto wa upande mmoja, akauvuka mgongo, na akaenda kuishi upande wa pili.

Na hapa ndipo maisha yake yanapogeuka. Aliyekuwa amekuja kutafuta kitu akakipata, angeweza kurudi Ulaya na kutafuta umaarufu. Yeye alibaki. Alijenga Shangi, akaishi huko kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata hadi 1902, bila mshahara wa serikali kwa muda mrefu, akizunguka ziwa. Götzen alikuwa ameliona Kivu mwaka 1894 akipita njia, lakini kuliona ziwa na kulijua ni vitu viwili. Kandt alizunguka ghuba zake, akachora visiwa vyake, akapanda kaskazini kwenye milima ya moto ya Virunga, akakusanya mimea, wanyama, ndege na wadudu na kuvipeleka kwenye makumbusho ya Berlin. Mmoja wa wanyama waliopewa jina lake ni kima wa dhahabu, Cercopithecus kandti, yule ambaye leo wageni hulipa fedha nyingi ili kumtazama akila mianzi chini ya volkano.

Maisha ya mtu peke yake mlimani hayakuwa mepesi. Alikuwa daktari, na bila shaka mahali pasipo daktari mwingine kazi hiyo haikumwacha alale. Alikuwa mgeni, mwenye bunduki nyuma yake hata kama yeye mwenyewe hakuipenda vita, na majirani walijua hivyo. Watoto wa Kinyaga walimwona akichuma majani na kukamata vipepeo, kazi ambayo mtu mzima mwenye akili zake hakutarajiwa kuifanya.

Nchi aliyoizunguka ilikuwa ya biashara tangu zamani. Watu wa Kinyaga, wa Ijwi, wa Bushi na wa upande wa Batembo walikuwa wakivuka maji kwa mitumbwi kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Bangili za nyuzi ziitwazo ubutega, zilizosukwa upande wa magharibi wa ziwa, zilivuka kwenda Rwanda na kutumika karibu kama fedha; majembe, mbuzi, ng'ombe na mazao yalirudi upande wa pili. Mtu alikuwa na shemeji Ijwi na mdeni Bushi. Wanawake wanaopanga foleni alfajiri leo kwenye daraja la Rusizi na vikapu vya nyanya na samaki wanafanya kazi iliyokuwapo kabla ya daraja na kabla ya foleni.

Mpaka wenyewe ulikuwa unazaliwa Kandt akiwa pale, mbele ya macho yake. Mwaka 1885 mstari ulikuwa umechorwa kwenye ramani huko Ulaya, kutoka kaskazini mwa Tanganyika kwenda juu, na watu ambao hawakujua kwamba kuna ziwa Kivu. Wazungu walipoliona ziwa ndipo wakatambua kwamba mstari ule ungeliweka lote upande wa Kongo. Wajerumani wakataka mpaka ufuate mto na ziwa. Askari wa Kongo walioasi, waliojulikana kama Batetela, walikuwa wamewafukuza maofisa wa Dola Huru kutoka eneo hili, na Wajerumani wakaingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Mwaka 1899 maofisa wa pande mbili walikubaliana kwamba kila upande uwe na vituo vyake mpaka serikali zao ziamue. Kwa miaka kumi na zaidi Rusizi na Kivu zikawa nchi ya ubishi, bendera mbili zikitazamana, tume za kupima ardhi zikija na kuondoka.

Mwaka 1910, huko Brussels, mambo yakamalizwa mezani. Mto Rusizi ukawa mpaka, mstari ukapita katikati ya ziwa, na kisiwa cha Ijwi, ambacho Rwabugiri alikuwa amekipigania kwa miaka, kikaenda upande wa Wabelgiji. Watu wa kisiwani hawakuulizwa. Wa Kinyaga nao hawakuulizwa. Ramani zilizotumika kwenye ubishi ule zilikuwa zimeboreshwa na kazi ya watu kama Kandt, na hilo ni deni ambalo jina lake haliwezi kulikwepa. Alilizunguka ziwa kwa mapenzi, na maarifa ya namna hiyo yakawasaidia waliotaka kuligawa.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Mwaka 1902 Kandt alirudi Ujerumani, na mwaka 1904 kitabu chake Caput Nili kikatoka. Kiliandikwa kwa mtindo wa barua, kwa lugha nzuri ya mtu aliyependa ushairi, na kilisomwa sana. Kina mambo ambayo mwanahistoria wa Rwanda hawezi kuyakosa, na kina pia mawazo ya zama zake kuhusu makabila na rangi, ambayo msomaji wa leo ayapime kwa tahadhari. Mwaka 1905 alikuwa amerudi Rwanda.

Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ikamteua kuwa Residenti, mwakilishi wake mkuu katika ufalme wa Rwanda. Mtu wa porini akapewa ofisi. Aliweka makao yake Kigali, kwenye kilima cha Nyarugenge, mahali palipokuwa karibu na katikati ya nchi, penye njia za kwenda Bukoba, Usumbura na ziwani, na umbali wa kutosha kutoka Nyanza alikokaa mwami, ili pasiwe na vigogo wawili kwenye kilima kimoja. Wajerumani wa utawala walikuwa wachache mno kwa nchi yenye watu wengi vile. Hesabu ya Kandt ilikuwa kwamba nchi itawaliwe kupitia Musinga na wakuu wake. Kwa serikali hiyo ilikuwa njia ya bei rahisi. Kwa mkulima wa kaskazini, aliyekuwa nje ya mikono ya mji wa mwami mpaka bunduki za Kijerumani zilipouunga mkono, gharama ilikuwa kubwa. Baada ya padri Loupias kuuawa mwaka 1910 katika ugomvi na Rukara rwa Bishingwe, adhabu ilishuka juu ya vilima vingi, na utawala uliofanya hivyo ulikuwa chini ya jina la Kandt.

Wafanyabiashara watapenda kujua alifanya nini na biashara. Mwaka 1905, kabla hajawa Residenti, serikali ya Kijerumani ilikuwa imeifunga Rwanda na Burundi: mfanyabiashara hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda wenyeji na wachuuzi waliokuja na bunduki na mizani ya uongo, na malalamiko hayo hayakuwa ya kubuni. Kandt aliifungua nchi taratibu na kuwakusanya wafanyabiashara Kigali, ambako angeweza kuwaona. Wahindi, Waarabu na Waswahili wakajenga maduka yao chini ya macho ya Residenti. Bidhaa kubwa iliyotoka nje ilikuwa ngozi za ng'ombe na mbuzi. Vitambaa, chumvi na vyombo vikaingia. Rupia ikaanza kuzoeleka, ambayo tangu 1904 iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na wanaokumbuka taabu ya kubadilisha faranga kwa faranga kwenye daraja watawahurumia wachuuzi wa enzi zile. Kahawa nayo ilikuwa imeanza kuota mizizi. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, hapahapa Rusizi, mwaka 1903, na miche iliyopandwa huko ikawa asili ya kahawa ambayo hadi leo wanunuzi wa nje huiita kwa jina la Mibirizi.

Ndoto kubwa ya miaka ile ilikuwa reli. Wajerumani walikusudia kujenga tawi kutoka Tabora hadi kwenye pindo la Kagera, ili ngozi na kahawa ya Rwanda ifike Dar es Salaam bila kichwa cha mpagazi. Kazi ilianza mwaka 1914. Vita vikaikatiza. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mizigo ya Kigali bado inaliwa na gharama ya malori.

Kandt hakuiona kazi hiyo ikianza wala kukwama. Mwishoni mwa 1913 alikwenda likizo Ujerumani, akitarajia kurudi. Agosti 1914 vita vikalipuka na njia ya bahari ikafungwa. Ziwa lake likageuka uwanja wa mapigano: Septemba 1914 Wajerumani waliiteka Ijwi, na Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji, pamoja na askari wao wa Kikongo, wakauvuka mto Rusizi kuingia Rwanda. Mwezi Mei walikuwa Kigali. Maelfu ya wapagazi walibeba vita vile mabegani, na wengi hawakurudi makwao.

Yeye alikuwa Ulaya, amevaa sare ya daktari wa jeshi, akiwahudumia majeruhi. Huko afya yake ilivunjika. Alifariki Aprili 29, 1918 katika hospitali ya kijeshi ya Nuremberg, akiwa na umri wa miaka 50, miezi michache kabla vita kumalizika na kabla nchi yake kunyang'anywa makoloni yote. Hakuacha mjane wala yatima. Rwanda ikapita mikononi mwa Wabelgiji, waliokuwa tayari ng'ambo ya pili ya Rusizi, na kwa zaidi ya miaka 40 mto ukawa na bwana mmoja kingo zote mbili.

Kaburi lake liko katika makaburi ya Johannisfriedhof mjini Nuremberg, mbali na maji yoyote yanayoelekea Nile au Kongo.